Picha Iliyopita Nje ya Mkwiro

Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipanda kutoka upande wa Tanga kwenda Mombasa, zikapita bahari iliyo nje ya kisiwa cha Wasini, ambako wavuvi wa kijiji cha Mkwiro kisiwani humo hutega madema. Ndani yake mlikuwa na kitu kigeni kwa mwambao huu: picha ya madhabahuni ya enzi ya Renaisansi, Bikira Maria chini ya msalaba amempakata mwanawe, mitume wamewazunguka.

Malindi Wareno wakakuta wafanyabiashara wa Kihindi. Walipoonyeshwa picha ile katika merikebu ya Paulo da Gama, wakasujudu, na muda wote merikebu zilipokuwa hapo wakarudi kuiabudu, mikononi karafuu na pilipili manga. (Karafuu ya kutoka mbali, Unguja na Pemba zilikuwa hazijaanza kuipanda.) Wareno wakafurahi kupata ndugu Wakristo. Yaelekea walikuwa Wahindu, wakimwona pale mama mwingine kabisa.

Uhabeshi nako alikuwako mchoraji mwenyewe wa enzi hiyo, si picha tu. Nicolò Brancaleon wa Venisi alifika huko karibu na 1480 akaishi miongo kadhaa. Padri Francisco Álvares, aliyekuja na ujumbe wa Ureno mwaka 1520, alimkuta yu hai. Inasimuliwa kwamba alimchora Bikira akimbeba Mtoto kwa mkono wa kushoto, kama walivyozoea kwao. Watu wakawaka: Mwana wa Mungu abebwe kwa mkono huo? Mzee wa Mkwiro, Mwislamu asiyetundika sanamu ya mtu msikitini, angeielewa hasira hiyo upesi kuliko Brancaleon. Mfalme hata hivyo hakukubali picha ifutwe, na mafundi wa Kihabeshi wakachukua kwa mgeni huyo walichokitaka.

Kwetu Renaisansi ilikuja kwa mawe. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani wa Milan. Askari na mabaharia wakachora ukutani merikebu, watu na makanisa kwa makaa na udongo mwekundu. Si kazi ya bingwa, lakini mimi naipenda kuliko picha nyingi za wakubwa. Mwaka 1698 Waomani wakaitwaa ngome, na sanamu za watakatifu hazikuota mizizi.

Si kwamba Wavumba, wenyeji wa Wasini, hawakuwa na jicho la urembo. Katika kijiji cha Wasini, upande wa pili wa kisiwa kutoka Mkwiro, kaburi la mnara lilipambwa kwa vyombo vya kaure vya Uchina: bahari ileile iliyopitisha Bikira ndiyo iliyoleta bakuli, na wao wakachagua bakuli.