Saba kwa Mbili

Mzee wa Malakisi akitaka kuwagawia wanawe wawili ng'ombe saba, kila mwana hupata watatu, na mmoja hubaki zizini kungoja shauri la jamaa. Akiwagawia shilingi saba, kila mmoja hupata tatu na senti hamsini, kwani tangu shilingi ilipochukua nafasi ya florini katika Afrika Mashariki, mwaka 1921, imekuwa ikivunjwa senti mia. Hesabu ni ile ile, majibu ni mawili. Mzee hatatiziki, maana akijua kitu agawacho. Mashine haijui.

Wataalamu wa IBM, huko Marekani, chini ya John Backus, walikutana na jambo hili walipotunga Fortran, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1957. Walitumia alama moja tu, mkwaju. Namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, baki hutupwa: 7/2 ni 3, lakini 7.0/2.0 ni 3.5. Kwa sheria hiyo 1/2 ni sifuri, wala hapana onyo litolewalo.

Watungaji wa Algol 60 waliziweka alama mbili mbalimbali. Niklaus Wirth wa Uswisi naye, katika Pascal ya mwaka 1970, aliutenga mkwaju na neno «div». Lakini lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwaka 1972, ilirudia njia ya Fortran, na nyingi zikaifuata.

Miongoni mwao ilikuwa Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Humo kosa lilijificha zaidi, kwa kuwa mwandishi halazimiki kutangaza aina ya namba zake. Mwanafunzi aliyepata alama 49 na 50 angeandikiwa wastani wa 49; nusu yake ingepotea pasipo mwizi. Mwaka 2001 iliongezwa mikwaju miwili, //, kwa mgawanyo wa ng'ombe, na Python 3 ya mwaka 2008 ikaufanya mkwaju mmoja utoe 3.5. Programu nyingi za zamani ziliharibika, na toleo la pili likaendelea kutunzwa hadi mwanzo wa mwaka 2020. Kwa maoni yangu gharama hiyo ilistahili, ila ilichelewa.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Gawanya deni la saba, yaani -7, kwa mbili: C hujibu -3, na mikwaju miwili ya Python hujibu -4.