Samba, simba na sambaza: seva ya nyumbani ilitoka wapi?

Wiki mbili zilizopita, nyumbani Kiwanjani, nilitoa stoo kompyuta ya Pentium 4 iliyokuwa imefunikwa gunia tangu nikiwa shule ya msingi. RAM yake ni MB 512, diski yake GB 80. Nikapuliza vumbi, nikaongeza diski ya pili, nikaiunganisha na ruta kwa kebo, na sasa hilo sanduku (lile ambalo kila mtu huliita CPU) ndilo seva yetu ya kuhifadhi mafaili.

Sababu si mapenzi ya vyuma vikuukuu. Mwaka jana fundi mmoja wa simu aliifomati simu ya mama bila kuuliza. Pamoja na picha zikaenda rekodi za nyanya akisimulia miaka ya shifta, 1963 hadi 1967, jinsi watu wa Isiolo walivyokusanywa kambini na mifugo ikaisha. Nyanya alishafariki, kwa hiyo hakuna wa kumrekodi tena. Wenzangu kazini wananiambia niweke kila kitu mtandaoni. Sawa, lakini jaribu kupakia GB 60 kwa bando la simu halafu tuongee.

Maelekezo ya kuunda seva kama hii yamejaa kila mahali. Mimi leo nataka kueleza ilikotoka, maana nilipoanza kuchimba niligundua kwamba karibu kila kipande chake kilitengenezwa na mtu aliyekuwa amekwama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Feigenbaum wa IBM alibuni itifaki ya kuwezesha kompyuta kutumia faili zilizo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba ziko kwenye diski yake yenyewe. Ndiyo ikaja kuitwa SMB, na Microsoft wakaichukua na kuiendeleza. Mwaka 1984 Sun Microsystems nao wakatoa ya kwao, NFS, kwa mashine za Unix. Dunia mbili, na hazikuelewana.

Desemba 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, alitaka PC yake ya DOS ifikie faili zilizokuwa kwenye mashine ya Unix. Programu aliyokuwa nayo ilikubali kuzungumza na seva za kampuni ya Digital tu. Hakuwa na maelezo ya itifaki. Alichofanya ni kukaa na kusikiliza paketi zinavyopita kwenye waya, akakisia maana yake, akaandika seva yake mwenyewe. Januari 1992 akaitoa bure. Kumbe alichokisia kilikuwa SMB, na hilo alikuja kulijua baadaye. Karibu miaka 2 ilipita kabla hajairudia, na aliirudia kwa sababu ya nyumbani kabisa: kuunganisha kompyuta ya mke wake na ya kwake ya Linux.

Jina nalo lina kisa. Jina la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa kibiashara, basi akaiamuru kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Ikampa Samba. Angekuwa na kamusi ya Kiswahili angepata simba. Na angeendelea kidogo angepata sambaza, neno ambalo kila Mkenya aliyewahi kumtumia mwenzake salio la simu analijua, na ndiyo hasa kazi ya programu ile! Mimi bado naona tulinyimwa heshima hapo.

Microsoft hawakuwa na haraka ya kuwapa watu wa Samba maelezo ya itifaki. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliwatoza faini ya euro milioni 497 na kuwaamuru watoe taarifa hizo kwa washindani. Waliendelea kubishana mahakamani hadi 2007 waliposhindwa, na Desemba mwaka huo watengenezaji wa Samba wakapata nyaraka kwa ada ya euro 10,000. Miaka 15 ya kukisia, mlango ukafunguliwa kwa amri.

Kufikia hapo Olivier Cochard-Labbé, Mfaransa, alikuwa ameshatoa FreeNAS mwaka 2005: mfumo mzima wa seva ya faili, mdogo kiasi cha kukaa kwenye flashi, unaoendeshwa kwa kivinjari. Aliujenga juu ya m0n0wall ya Manuel Kasper. Ghafla kompyuta iliyotupwa na ofisi ikawa na kazi mpya.

Na ofisi za Ulaya zilitupa nyingi, nyingine zikaja kwetu kama mitumba. Computers for Schools Kenya walianza 2002 kuzikarabati na kuzipeleka mashuleni; nyingine zikauzwa madukani Nairobi kwa jina la ex-UK. Ya kwetu ilinunuliwa huko ikapanda basi hadi Isiolo, wakati ambapo lami iliishia hapa na safari ya Moyale ilikuwa vumbi na lori. Kumbuka kwamba hadi SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya nchi nzima ilitegemea setilaiti. Ndiyo maana mradi wa WiderNet wa Chuo Kikuu cha Iowa ulikuwa ukivipa vyuo vya Afrika eGranary, yaani seva yenye diski iliyojaa kurasa za wavuti, isomwe ndani ya chuo bila intaneti. Kuweka faili karibu na msomaji hakukuwa anasa.

Sasa habari isiyopendeza. Mlango wa mashine hizi unafungwa. FreeNAS iliacha prosesa za biti 32 ilipotoa toleo la 9.3 mwaka 2014. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipitia tundu la SMB ya zamani, na mwaka 2019 Samba 4.11 ikaizima isipokuwa ukiiwasha mwenyewe, kwa hiyo Windows XP ya binamu yangu haiioni seva yetu (na isiione!). Agosti 2025 Debian 13 ikatoka bila kisakinishi cha biti 32. Pentium 4 za mwisho mwisho zina biti 64, hivyo kabla hujakata tamaa andika hivi:

grep -w lm /proc/cpuinfo

Ikileta mistari, una bahati. Ya kwangu haikuleta kitu, kwa hiyo inaendeshwa na Debian 12 na hiyo ndiyo ya mwisho kwake. Pia kama bodi yako ni ya kabla ya 2002 hivi, huenda isione zaidi ya GB 137 hata ukiiwekea diski kubwa.

Na stima? Nikikadiria wati 80, kuiacha usiku na mchana ni yuniti 57.6 za tokeni kwa mwezi. Raspberry Pi ya wati 5 ingekula 3.6. Basi tunaiwasha saa 3 kila jioni, yuniti 7.2, na mama amekubali.

Sikuweka RAID. Diski 2 zinazofanana hukuokoa diski moja ikifa, lakini fundi akifuta, zinafuta zote mbili. Kila Ijumaa nanakili kila kitu kwenye diski ya nje, inakwenda kukaa kwa shangazi Bulla Pesa. Rekodi za kwanza humo ni za babu mdogo, ndugu yake nyanya, ambaye anakumbuka baadhi ya visa vile vile ila kwa kubishana navyo.

Makala ijayo nitaweka smb.conf yangu. Ina mistari 14 tu.