Lodwar unachagua mapema, Kakuma unachagua baadaye

Msimu wa kuchagua kozi ukifika swali huwa lile lile: "Sijui nisome nini, nifanyeje?" Leo tuangalie historia ya swali lenyewe. Nani aliamua kwamba kijana wa miaka 18 lazima ajue jibu kabla hajaingia darasani? Turkana ina mifano miwili mizuri, Lodwar na Kakuma, iliyotenganishwa na takriban kilomita 120 tu za barabara.

Sisi waandika programu jambo hili tunalijua. Lugha ya C inakulazimisha useme mapema kila kisanduku cha data kitabeba nini. Python inasubiri mpaka programu ianze kufanya kazi. Zote ni lugha nzuri, lakini kila moja ina gharama yake.

Mfumo wa Kenya ni kama C. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa mwaka 1963, fedha zilikuwa haba, kwa hiyo vitivo vya gharama viligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kuchagua kozi kulikuwa ni kuchagua nchi! Serikali changa zilitaka kuhesabu zitapata madaktari na wahandisi wangapi, na lini. Nafasi ya kuonja haikuwepo.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, desturi ikabaki. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 na kufuta kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wake wa kwanza walipoingia chuo kikuu mwaka 1990, digrii ya miaka mitatu ikawa ya minne. Mwaka ule wa ziada ungeweza kuwa wa kuonja masomo, lakini ukawa wa kuziba pengo. Barua ya kuitwa chuoni iliendelea kuja na jina la digrii. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa bodi ya JAB na kuleta KUCCPS. Fomu zikahamia kwenye tovuti, ila mantiki ni ile ile: alama za masomo manne ya klasta, halafu digrii yenye jina. Anayepangiwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana pale Lodwar, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2017 chini ya Masinde Muliro, anafika tayari amefungwa.

Hatari yake? Machi 2012 Tullow ilitangaza mafuta katika kisima cha Ngamia 1. Aliyekimbilia kozi ya petroli mwaka ule angehitimu 2016 au 2017. Mwishoni mwa 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Shehena ya kwanza iliondoka Mombasa Agosti 2019, na mwaka 2020 malori yakasimama. Kijana yule hakuwa mjinga, alitangaza tu mapema kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Sasa twende Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2010 Wajesuti walianzisha pale masomo ya chuo kupitia mtandao, mradi ambao sasa unaitwa Jesuit Worldwide Learning. Stashahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Wote walianza na masomo ya pamoja, kisha ndipo kila mmoja akachagua mkondo: biashara, ualimu au ustawi wa jamii. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2013.

Kwa nini hivyo? Mkimbizi hajui kesho ataishi Kanada, Juba au hapo hapo kambini. Ujuzi mwembamba unaweza kumfia mkononi. Elimu pana inahama naye.

Lakini tusidanganyane kwamba uhuru mtupu ndio dawa. Charles Eliot, rais wa Harvard kuanzia 1869, aliwaachia wanafunzi wachague karibu kila kitu. Wengi wakaokota masomo mepesi. Mrithi wake Lowell, aliyeingia 1909, akarudisha utaratibu: bobea kwenye moja, onja mengine.

Basi wewe uliyeko Lodwar, na tovuti inakudai jibu, ufanyeje? Chagua shina, usichague tawi. Hisabati, takwimu, kompyuta, uchumi au biolojia vina matawi mengi mbele. Digrii yenye jina refu la kuvutia mara nyingi ina tawi moja. Tafuta orodha ya yuniti za mwaka wa kwanza za kozi tatu unazozifikiria, uziweke kando kwa kando. Ile inayoshiriki yuniti nyingi na wenzake ndiyo rahisi kuhama. KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho, lakini ni lazima alama zako za klasta zifikie kiwango cha kozi unayoitaka. Kwa hiyo ukiwa na alama za kutosha, anzia kwenye kozi ngumu kuingia. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda.

Na wazazi, tahadhari: katika mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, Januari 2026, walitakiwa kuchagua mkondo wakiwa bado Gredi ya 9. Tunatangaza mapema zaidi kuliko wakati wowote. Mwachieni mtoto masomo yanayobakisha milango wazi.