Gari imegoma kuwaka? Isikilize kwanza kabla hujanunua stata

Asubuhi za Juni na Julai huku Akheri, ukungu ukiwa umeshuka kutoka Mlima Meru, ndiyo saa gari nyingi hugoma. Mzigo wa soko la Tengeru uko tayari kwenye buti, unapiga ufunguo, gari kimya. Fundi akija bila mita mkononi, atakutajia kimoja kati ya vitu vitatu: betri, stata au kontrol boksi. Vyote ni hela ndefu, na mara nyingi tatizo ni waya uliolegea tu.

Kabla ya yote, jua gari yako inatumia nini. Dizeli, kama Hiace ya injini 5L au Land Cruiser ya 1HZ, haina koili wala plagi za cheche. Ina plagi za kupasha joto tu. Kwa hiyo mwenye dizeli asome habari ya betri na stata, ile ya cheche haimhusu.

Sauti inakwambia nini

Washa ufunguo bila kupiga stata. Taa za dashibodi zikikataa kabisa, umeme haufiki ndani. Angalia vichwa vya betri, vina ule unga mweupe au wa kijani? Vishike uvizungushe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umeshapata pa kuanzia. Kisha fyuzi kubwa iliyo karibu na betri.

Taa zinawaka, lakini ukipiga unasikia "ta-ta-ta-ta" na taa zinafifia: betri imeishiwa nguvu au kichwa hakishiki vizuri. Baridi hupunguza nguvu ya betri, ndiyo maana iliyochoka huvumilia mchana ikagoma alfajiri.

Ukisikia "ta" moja nzito halafu kimya, na taa hazijafifia sana, shuku stata yenyewe au waya wa asi unaotoka betri kwenda kwenye injini.

Kimya kabisa na taa zote nzuri? Kama ni otomatiki, hamisha gia kutoka P kwenda N ujaribu tena. Ikiwaka, swichi ya gia ndiyo mbovu. Isipowaka, baki na rilei ya stata, swichi ya ufunguo, na mtu mmoja ambaye wengi humsahau: king'ora kilichofungwa mtaani. Gari nyingi za mtumba zimefungiwa king'ora kinachokata umeme wa stata au wa koili, na maungio yake yamezungushiwa gundi ya plastiki tu. Baada ya miaka michache ya vumbi na mvua, hapo ndipo panapoanza kusumbua.

Mita ya bei ndogo inamaliza ubishi

Betri nzima ya volti 12, gari ikiwa imezimwa usiku kucha, husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imekwisha. Sasa mwambie mwenzako apige stata huku unaangalia: ikianguka chini ya 9.6 au hivyo, betri haifai hata kama ilisoma vizuri mwanzo. Gari ikishawaka, namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, jenereta haichaji, na betri mpya nayo utaiua.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata. Ikizidi nusu volti, asi ni mbovu. Safisha waya ule na msasa, kaza boliti. Stata ngapi zimebadilishwa bure kwa sababu ya waya huo!

Stata inazunguka vizuri ila haishiki

Hapa ndipo kwenye mfumo wa cheche wenyewe. Chomoa plagi moja. Imelowa na inanuka petroli? Mafuta yanafika, cheche ndiyo haipo. Ikiwa kavu kabisa, geukia pampu na mafuta. Halafu usidanganyike kwa kutosikia mlio wa pampu ukiwasha ufunguo: Toyota nyingi pampu hufanya kazi stata inapozunguka tu.

Angalia pia taa ya injini ufunguo ukiwa umewashwa. Isipowaka kabisa, kontrol boksi haipati umeme, na mara nyingi shida ni fyuzi au rilei, siyo boksi lenyewe.

Sasa fikiri kidogo. IST na Noah za kuanzia 2001 zina koili moja kwa kila plagi. Koili nne haziwezi kufa zote usiku mmoja. Koili moja ikifa gari huwaka, ila inatetemeka na kukosa nguvu. Kwa hiyo fundi akikuuzia koili moja wakati gari haiwaki kabisa, muulize hizo tatu nyingine zinafanya nini. Cheche ikikosekana kote, tafuta kitu kimoja kinachozihudumia zote: fyuzi ya koili, swichi ya ufunguo, au sensa ya kranki. Mashine ya kusoma makosa ikitoa P0335, anza na sensa hiyo pamoja na waya wake, maana panya nao wanapenda kulala kwenye injini yenye joto.

Injini za zamani zenye distribyuta ni habari nyingine. Wakati wa masika unyevu huingia chini ya kofia yake na cheche hupotelea humo. Ifungue, ipanguse kwa kitambaa kikavu, tazama kama ina ufa. Mara nyingi gari inawaka palepale.

Usishike plagi wala waya wake kwa mkono huku stata inazunguka, umeme wa pale ni maelfu ya volti. Na usijaribu cheche pembeni ya petroli iliyomwagika.

Usiserereshe gari mteremkoni

Kutoka Akheri kwenda Tengeru ni mteremko, na wengi huiachia gari iteremke ili iwake. Injini ikiwa imezimwa, breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga. Mbele yako ni barabara kuu ya Arusha–Moshi na malori yake. Otomatiki ndiyo kabisa, hata uiteremshe vipi haiwaki kwa kusukumwa.

Bora uombe betri ya jirani. Unganisha chanya kwa chanya, kisha waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo.

Fyuzi ikiungua, weka yenye namba ileile. Ikiungua tena palepale kuna waya unaogusa bodi, utafutwe. Ukiweka kubwa zaidi au kipande cha waya wa shaba, gari itawaka kweli, ila kwa moto.