Si fangasi, si mmea: Mfahamu ukungu ute, 'povu' la njano linalotembea

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi, kwenye gogo lililooza au rundo la masalia ya pamba pembeni mwa shamba, kuna kitu cha njano, laini, kama yai lililovurugwa. Jana jioni hakikuwepo. Kesho kinaweza kuwa kimesogea.

Kwa mkulima wa Bariadi, Maswa au Meatu, wazo la kwanza ni kwamba shamba limeingiwa na fangasi. Anaweza kukimbilia dukani kununua dawa. Kumbe hela hiyo inapotea bure, maana huyo si fangasi na wala hali mazao.

Ni kiumbe gani?

Anaitwa ukungu ute. Yule wa njano anayeonekana sana kwenye vitu vinavyooza ni Fuligo septica, na anapatikana karibu kila pembe ya dunia.

Zamani wataalamu walimweka kundi moja na fangasi kwa sababu hutoa vijimbegu kama uyoga. Mwaka 1859 Mjerumani Anton de Bary alipinga, akasema tabia zake zinafanana zaidi na za wanyama. Vipimo vya vinasaba vya siku hizi vimemaliza ubishi: ukungu ute ni ndugu wa amiba. Kundi lao linaitwa Amoebozoa.

Aina kuu mbili

1. Wenye seli moja kubwa. Hawa ndio Myxomycetes, na aina zinazojulikana zinazidi 900. Lile 'povu' zima ni seli moja tu yenye viini vingi mno. Hatua hii inaitwa plazimodiamu. Jina linafanana na la vimelea vya malaria, lakini hawana undugu wowote.

2. Wanaoishi mmoja mmoja. Hawa ni amiba wadogo wa kwenye udongo, mfano Dictyostelium discoideum. Chakula kikiisha, maelfu yao hukusanyika na kutengeneza kishina kidogo chenye vijimbegu juu. Karibu mmoja kati ya watano hufa akiwa sehemu ya kishina, ili wenzake wapate kusambaa.

Anaishije?

Kijimbegu kikipata unyevu hupasuka na kutoa seli ndogo. Seli mbili zikiungana, plazimodiamu huanza kukua. Hutambaa sentimita chache kwa saa, huku akimeza bakteria, hamira na vipande vya fangasi.

Jua likikaza, kama kiangazi cha Simiyu, baadhi yao hukauka na kuwa gamba gumu lililolala, likisubiri mvua. Wengine hugeuka vijimbegu, vumbi jeusi au la kahawia linalopeperushwa na upepo.

Hana ubongo, ila ana akili ya njia. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walimweka Physarum polycephalum kwenye njia zenye kona nyingi, akaunganisha vyakula viwili kwa njia fupi zaidi. Mwaka 2010 walipanga vipande vya chakula mithili ya miji inayozunguka Tokyo. Akachora mtandao unaokaribiana na wa reli halisi.

Kwa nini mkulima ajue?

Kwa sababu kuna fangasi wa kweli wa kuogopa. Mnyauko fuzari umesumbua pamba ya Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1950. Fangasi wake, Fusarium oxysporum, hukaa kwenye udongo kwa miaka, huingia kupitia mizizi na huweza kusafiri na mbegu.

Tofauti ni hizi:

- Ukungu ute hukaa juu ya vitu vilivyooza au kutambaa juu ya majani bila kuyala. Mmea wenyewe unabaki mzima.
- Mnyauko fuzari haukai juu. Majani hugeuka njano na kunyauka, na ukikata shina unakuta weusi au kahawia ndani.

Ukiona dalili za pili, mwite afisa ugani, usitunze mbegu kutoka shamba hilo, na ulizia mbegu zinazostahimili ugonjwa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, kimefanya kazi hiyo kwa miongo mingi.

Ukikutana naye ufanyeje?

Muache. Jua likiwaka siku chache atakauka mwenyewe. Kama anakukera, mzoe kwa koleo akiwa bado mbichi, kisha geuza masalia yapate hewa na kukauka. Usimmwagie maji kwa nguvu, utamsambaza.

Mwenye pumu au mzio asimguse akishakauka, kwa sababu vumbi lake linaweza kumletea shida ya kupumua.

Na ile hela ya dawa? Itunze kwa ajili ya mbegu bora.