Leseni na mirabaha ya sanaa za ufundi nchini Tanzania

Leseni na mirabaha ya sanaa za ufundi nchini Tanzania ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mchoraji, mchongaji, mpiga picha au mbunifu wa michoro ya vitambaa kulipwa kazi yake inaponakiliwa au kutumiwa na wengine, si pale tu anapoiuza kwa mara ya kwanza. Leseni ni ruhusa ya kutumia kazi. Mrabaha ni malipo yanayotokana na matumizi hayo. Msingi wake ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 (Sura ya 218), inayotumika Tanzania Bara.

Katika pwani ya kaskazini, kuanzia Mkinga kwenye mpaka wa Kenya, kupitia jiji la Tanga hadi Pangani, mifumo mitatu ya sheria inakaribiana. Mpaka wa Horohoro unaelekea Mombasa, na ng'ambo ya bahari kuna kisiwa cha Pemba, ambako sheria ya hakimiliki ni ya Zanzibar. Kazi iliyochorwa Tanga ikinakiliwa Mombasa au Unguja, msanii anadai haki yake kwa sheria ya mahali iliponakiliwa.

Jina "sanaa za ufundi" hutumika Tanzania kwa sanaa zinazotazamwa kwa macho au kushikwa kwa mkono, kama uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ususi. Jina hilo huzitofautisha na muziki, filamu na sanaa za maonyesho.

## Haki za msanii

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Kwa mujibu wa mkataba huo, hakimiliki haitokani na usajili. Inaanza pale kazi inapotengenezwa. Usajili unasaidia kuthibitisha nani alitangulia, endapo kutatokea mgogoro.

Sheria ya 1999 inagawa haki za msanii katika mafungu mawili:

* Haki za kiuchumi: kunakili kazi, kusambaza nakala, kuibadili, kuionyesha hadharani, kuitangaza kwa redio au televisheni na kuingiza nakala zake nchini. Haki hizi zinaweza kutolewa kwa leseni.
* Haki za kimaadili: kutajwa jina kama mwenye kazi, na kupinga kazi isiharibiwe au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia msanii heshima.

Sheria hailindi wazo, mada wala mtindo. Inalinda kazi yenyewe jinsi ilivyotokea. Mtu yeyote anaweza kuchora jahazi likiingia bandari ya Tanga, lakini hawezi kunakili picha ya jahazi iliyochorwa na mwingine.

Ulinzi unadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, ukihesabiwa hadi mwisho wa mwaka. Katika muda huo mirabaha ni mali ya warithi. Sanaa ya matumizi, yaani ubunifu uliowekwa kwenye bidhaa kama kitambaa au samani, inalindwa kwa miaka 25 tangu ilipotengenezwa.

Kwa kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, mwenye haki za kiuchumi ni mwajiri, isipokuwa mkataba ukisema vingine.

Michoro na nakshi za jadi ambazo hazina mtunzi anayejulikana huhesabiwa kuwa sanaa ya jadi. Kwa matumizi yake ya kibiashara, sheria imelipa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) mamlaka ya kutoa kibali.

## Kuuza kazi na kutoa leseni

Kuuza picha si kuuza hakimiliki. Mnunuzi anamiliki turubai au ubao. Haki ya kunakili inabaki kwa msanii, isipokuwa imehamishwa kwa maandishi. Hoteli ya Pangani iliyonunua picha kwa ajili ya ukumbi wake haipati kwa ununuzi huo haki ya kuichapa kwenye kadi, fulana au tangazo. Kwa kila matumizi ya namna hiyo inahitaji leseni.

Leseni ni za aina mbili kuu. Leseni ya pekee humpa mtu mmoja haki ya kutumia kazi, na hata msanii mwenyewe huzuiwa kumpa mwingine ruhusa hiyohiyo. Leseni isiyo ya pekee inaweza kutolewa kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Kuhamisha haki moja kwa moja ni jambo la tatu: hapo msanii anaachana na haki yenyewe.

Mkataba wa leseni kwa kawaida hueleza:

* kazi inayohusika, ikiambatanishwa na picha yake;
* matumizi yanayoruhusiwa, kwa mfano kalenda, jalada la kitabu au kitambaa;
* nchi au eneo;
* muda wa leseni na idadi ya nakala;
* malipo na tarehe za kutoa hesabu;
* namna jina la msanii litakavyotajwa.

Malipo yanaweza kuwa ya mkupuo au asilimia ya mauzo. Kwa mfano, mchapaji akiuza kadi 1,000 kwa shilingi 2,000 kila moja, na mkataba ukisema mrabaha ni asilimia 8, msanii anapata shilingi 160,000. Kadi zikichapwa tena, hesabu inaanza upya. Aliyelipwa kwa mkupuo hapati nyongeza, isipokuwa mkataba umeweka kikomo cha nakala.

## Taasisi

Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kwa miaka mingi kilikuwa na majukumu mawili kwa pamoja: kusimamia hakimiliki kwa niaba ya serikali, na kukusanya na kugawa mirabaha kwa niaba ya wasanii. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa na COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ilifunguliwa kwa kampuni na vyama vya wasanii wenyewe vinavyopewa leseni na ofisi hiyo.

Mwaka 2023 iliongezwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kurekodi, kunakili na kuhifadhi kazi. Shabaha yake ni kufidia unakili wa nyumbani, ambao hauwezi kutolewa leseni mmojammoja.

BASATA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ni taasisi tofauti. Inasajili wasanii na shughuli za sanaa, na katika wilaya inashirikiana na maafisa utamaduni wa halmashauri. Kusajiliwa BASATA hakumaanishi kwamba kazi za msanii zimesajiliwa COSOTA. Jina la biashara au nembo ya msanii husajiliwa kama alama ya biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, iliyounda COSOZA. Nchini Kenya msimamizi ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).

## Ukusanyaji wa pamoja

Mfumo wa ukusanyaji wa pamoja unafaa pale ambapo watumiaji ni wengi na malipo ya kila mmoja ni madogo. Msanii hukabidhi chama usimamizi wa haki zake na kutoa orodha ya kazi. Chama hutoa leseni kwa watumiaji, hukusanya ada, hukata gharama za uendeshaji na kugawa kinachobaki kufuatana na taarifa za matumizi.

Nchini Tanzania mfumo huu ulikua zaidi upande wa muziki. Januari 2022 COSOTA iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa kazi za muziki zilizopigwa redioni. Wimbo ukipigwa redioni huacha kumbukumbu ya kituo, siku na saa. Picha iliyochapwa kwenye fulana au kupakwa ukutani mwa mgahawa haina kumbukumbu ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo wasanii wa ufundi hutegemea zaidi leseni za moja kwa moja.

Barani Ulaya vipo vyama vya sanaa hizi, kama ADAGP ya Ufaransa, Bild-Kunst ya Ujerumani na DACS ya Uingereza. Vyama hivyo hutoa leseni kwa wachapaji wa vitabu, magazeti, makumbusho na televisheni. Hubadilishana mirabaha kwa mikataba, hivi kwamba msanii wa nchi moja hulipwa kwa matumizi ya nchi nyingine kupitia chama cha kwao.

## Mrabaha wa kuuza tena

Mrabaha wa kuuza tena ni sehemu ya bei anayolipwa msanii au mrithi wake kila kazi yake halisi inapouzwa tena kupitia mnada au duka la sanaa. Ulianzishwa Ufaransa mwaka 1920. Katika Umoja wa Ulaya huanzia asilimia 4 ya bei na kushuka kadiri bei inavyopanda, na hauzidi euro 12,500 kwa mauzo mamoja. Kenya iliuweka katika sheria yake mwaka 2019 kwa kiwango cha asilimia 5.

Mkataba wa Berne unaruhusu nchi kumlipa msanii wa kigeni pale tu ambapo nchi yake nayo inatambua haki hiyo. Orodha ya nchi za nje katika kanuni za Uingereza za mwaka 2006 ilitaja Senegal, Mali na Madagascar, lakini Tanzania haikuwemo. Hivyo picha iliyonunuliwa kwa bei ndogo kando ya barabara inaweza kuuzwa kwa bei kubwa mnadani London bila mchoraji wake kupata chochote.

## Mifano

### Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950 kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko alianza kuchora mwaka 1968 na kuwafundisha jamaa zake. Wafuasi wake waliandikisha ushirika wao mwaka 1990.

Mtindo wa tingatinga ni huru kwa kila mtu, ila kila picha ina mwenyewe. Tofauti hiyo ilionekana mwaka 2010, ilipoanza kuonyeshwa Uingereza katuni ya watoto Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa sura iliyotokana na mtindo huo. Hakimiliki inaweza kuzuia kunakiliwa kwa picha fulani, lakini haiwezi kuzuia mtindo kuigwa.

Kwa hesabu ya miaka 50, ulinzi wa kazi za Tingatinga mwenyewe nchini ulikwisha tarehe 31 Desemba 2022. Picha za wanafunzi wake walio hai bado zinalindwa.

### Kanga

Kanga ina pindo, mji na jina. Mchoro wa pindo na mji ni kazi ya sanaa iliyowekwa kwenye bidhaa. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zinazojulikana pwani nzima, huchapwa alama "Mali ya Abdulla". Alama hiyo humtambulisha mfanyabiashara, si mchoraji. Wabunifu wengi wa kanga hawajulikani kwa majina, na asiyejulikana hawezi kutoa leseni wala kudai mrabaha.

### Picha za Dobbertin

Mjerumani Walther Dobbertin (1882–1961) alipiga picha nyingi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa kipimo cha Tanzania cha miaka 50, ulinzi wake ulikwisha mwisho wa 2011. Kwa kipimo cha Ujerumani cha miaka 70, utaisha mwisho wa 2031. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho ya Ujerumani ilianza kuweka picha zaidi ya 80,000, zikiwemo zake, kwenye Wikimedia Commons kwa leseni huria ya Creative Commons. Leseni hiyo haidai malipo, lakini inadai mpiga picha atajwe.

## Changamoto

Mauzo mengi ya sanaa katika pwani ya Tanga hufanyika kwa maneno ya mdomo na fedha taslimu, bila hati. Msanii anapokuta kazi yake imechapwa mahali pengine, hukosa ushahidi wa tarehe na wa masharti ya mauzo. Picha zilizowekwa mtandaoni hunakiliwa kwa urahisi, na gharama ya kesi mara nyingi huzidi mrabaha unaodaiwa.

Ushahidi unaosaidia ni wa kawaida: sahihi na mwaka kwenye kazi, picha ya kazi kabla ya kuuzwa, rasimu zilizohifadhiwa, na risiti inayoeleza kwamba kilichouzwa ni kazi yenyewe bila haki ya kunakili. Hati hizo ndizo pia warithi watakazohitaji katika miaka 50 wanayopewa na sheria.

## Tazama pia

* Hakimiliki
* Tingatinga
* Kanga
* Mkoa wa Tanga
* Mkataba wa Berne