Haioni

Masasi chini au Newala juu ya uwanda wa Makonde, msimu wa korosho stakabadhi zikisubiri kuchapwa, kauli ofisini ni moja: “Kompyuta haioni printa.” Fundi akisikia hivyo huanza kuchomoa nyaya. Mara nyingi nyaya hazina kosa. Kilichopotea ni jina. Kwenye mtandao kila kifaa kina namba, tuseme 192.168.1.20. Jina tumelibandika sisi wanadamu, na lazima awepo wa kuligeuza kuwa namba. Kwenye intaneti kazi hiyo ni ya DNS, mfumo aliobuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Ofisini huachiwa ruta, au vifaa huulizana vyenyewe. Umeme ukikatika na kurudi (wa kusini tunaujua), printa inaweza kupewa namba mpya, kompyuta ikabaki na ya zamani. Basi soma namba ya sasa kwenye kioo cha printa, uiite kwa hiyo. Ikijibu, sema “haijui jina.” Isipojibu, hapo “haioni” ni neno sahihi, na nyaya zichomolewe. Printa za ofisi zipewe namba ya kudumu.